Mwenyeji au Mgeni

Hakuwa na viatu. Hakuwa na shati la pili. Lile moja lilifuliwa kila Jumamosi, na yeye alikaa kifua wazi mpaka likauke. Hakuwa na kalamu, ila kipande cha penseli alichogawana na dada yake Maggie, kila mmoja na ncha yake. Hakuwa na kitanda wala taa. Hakuwa na ng'ombe, hata mmoja wa kuonyeshwa kwa mbali na kuambiwa, "Yule ni wenu, asipokufa." Hakuwa na mjomba ofisini, na mwaka ule wa 1968 mtoto asiye na mjomba ofisini alikuwa kama jembe lisilo na mpini: makali yapo, lakini utalishika wapi? Hakuwa na shamba. Hakuwa na kaburi la babu ambalo angeweza kusimama kando yake na kusema, hapa ndipo kwetu.

Wala hakuwa na tabia ya kuinamisha kichwa. Hilo nalo watu walilihesabu katika mapungufu yake.

Aliitwa Mangeni. Baba yake, Maloba, alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, aliyevuka mpaka mwaka wa hamsini na moja kufuata kazi ya kupasua mawe huko Tororo. Siku hizo mpaka ulikuwa mstari kwenye ramani ya Mzungu. Mtu alivuka na kuku wake kwapani, na hakuna aliyemuuliza yeye wala kuku. Maloba alipasua mawe miaka kumi na minne, hata vumbi likahamia kifuani mwake likakataa kutoka. Alipoanza kukohoa zaidi kuliko kupiga nyundo, aliambiwa akapumzike nyumbani. Yeye alipumzika. Njaa haikupumzika.

Mkewe, Benedeta, akaichukua ile nyundo. Akakaa kando ya barabara ya Malaba na kuvunja mawe kuwa kokoto, wakandarasi wakija kuchukua kwa lori. Watoto walipotoka shule waliketi naye. Mangeni alifungua kitabu juu ya jiwe kubwa, akasoma mstari mmoja, akapiga nyundo mara tatu, akasoma mwingine.

"Utavunja vidole badala ya mawe," mama yake alimwonya.

"Vidole ni kumi, Mama. Mtihani ni mmoja."

Na kweli ulikuwa mmoja: mtihani wa kumaliza darasa la saba. Mangeni alikuwa na miaka kumi na minne na hesabu zake ziliwatisha hata watoto wa watu wenye nyumba za mabati. Aliwahi kumwona mpima ardhi akichungulia katika darubini yake ya miguu mitatu, watu wazima wakimpisha kwa heshima, naye akaamua kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Aliyesikia alicheka. Mtoto asiye na ardhi ya kuzikia paka, apime ya wengine! Lakini yeye hakuona kichekesho chochote.

Familia hii ilijenga kibanda pembeni mwa shamba la mjane mmoja wa Kiteso, Amongin, ambaye watu wake walikuwa wenyeji wa eneo hilo la Kwapa tangu enzi ambazo hapana anayezikumbuka. Watoto walimwita Toto, yaani mama kwa Kiteso. Alikuwa mkali wa ulimi na mwepesi wa mkono, na mbuzi wake walijua njia zote za wilaya.

Basi, mwezi wa Septemba, amri ilikuja shuleni kwamba wanafunzi wa darasa la saba waandikwe upya, wenyeji mbali na wageni mbali. Wenyeji wangefanya mtihani pale. Wageni wakaufanye kwao.

Karani wa shule, Oriokot, aliweka meza yake mlangoni mwa darasa. Alikuwa mtu mwenye mwandiko wa kupendeza kama ushanga, na alijisifu kwamba katika miaka kumi na miwili ya ukarani hajawahi kufuta neno. Kwa kuwa darasa lilikuwa la Wateso, Wapadhola, Wasamia na Wajaluo, aliuliza kwa Kiswahili cha mpakani, ambacho kila mtu alikijua na hakuna aliyekimiliki.

Mvua ilikuwa ikinyesha, ile mvua ya alasiri ya Tororo inayopiga mabati mpaka mtu asisikie mawazo yake. Zamu ya Mangeni ikafika.

"Baba?"

"Maloba."

"Kabila?"

"Msamia, bwana."

"Mwenyeji ao mugeni?"

Mabati yalinguruma. Mangeni alisikia mkia tu wa swali, akadhani karani anataka kuhakikisha jina lake.

"Mangeni, bwana."

"Mugeni?"

"Ndiyo, bwana. Mangeni!"

Karani akachovya kalamu, akaandika. "Kijana ya ukweli," akasema. "Wengine nadanganya."

Mangeni alirudi kwenye dawati lake akiwa amefurahi kwamba amesifiwa.

Siku ya Alhamisi orodha ilibandikwa mlangoni. Upande wa wageni palikuwa na majina matano. Manne yalikuwa ya watoto wa Wakenya wa reli, ambao baba zao walishafunga mizigo na kwao walikujua. La tano lilikuwa lake.

Okurut, mtoto wa mwenye duka, aliyekuwa akishindwa na Mangeni katika hesabu tangu darasa la nne, alipanua mikono kama baba wa harusi. "Karibu, mgeni! Tukuchinjie kuku?"

Darasa likaangua kicheko.

"Chinja," alisema Mangeni. "Lakini muulize mama yako kwanza, maana kuku ni wake na kisu ni chake. Chako ni mdomo tu."

Kicheko kikahamia kwa Okurut. Lakini Mangeni hakungoja kiishe; alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha karani.

"Bwana karani, mimi sikusema mgeni. Nilisema jina langu."

Oriokot alimtazama, kisha akaitazama orodha, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. "Ala! Basi wewe ni mugeni kwa baba na mugeni kwa jina. Umejitaja mara mbili. Nilitakiwa nikuandike mara mbili?"

"Nimezaliwa hapa."

"Hata kunguru nazaliwa hapa."

"Kunguru hafanyi mtihani, bwana. Naomba ufute."

Neno lile lilimuudhi karani kuliko tusi. "Kufuta? Mimi?" Akafunga kitabu. Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, na aliijua kazi yake, kwa hiyo aliendelea kwa sauti ya chini. "Sikia. Sheria nasema hivi: kama umezaliwa hapa, na baba ao mama naye amezaliwa hapa, wewe ni mwenyeji. Lakini sheria nataka karatasi na shahidi. Na mwenye kubadilisha si mimi. Ni Mkaguzi wa Shule, na yeye nafunga orodha Jumatano ijayo. Uko na karatasi?"

Mangeni hakuwa nayo. Aliongeza hilo katika vitu asivyokuwa navyo, akaenda kuvunja mawe.

*

Kesho yake jioni, mwalimu wao wa darasa, Ikwap, alikuja kwa baiskeli mpaka kwenye lundo la kokoto. Alikuwa kijana mwembamba mwenye shati moja jeupe lililofuliwa kila siku, na aliwapenda wanafunzi wenye akili kama mfugaji anavyopenda ndama wa kike. Aliwasalimu Maloba na Benedeta, akamsalimu Amongin aliyekuwa amekuja kuuliza habari za mbuzi, akakaa juu ya jiwe bila kujali suruali.

"Nimepata njia," alisema. "Mama Amongin, mjukuu wako Okiror ameacha shule tangu Aprili."

"Yeye nakwenda Tiira," alisema Amongin. "Natafuta dhahabu ndani ya shimo. Mpaka leo ameniletea matope tu."

"Lakini jina lake bado limo kwenye orodha ya wenyeji. Namba yake ya mtihani ipo. Nimeongea na karani." Mwalimu akamgeukia Mangeni. "Jumatatu unaweka sahihi mahali pa Okiror. Unafanya mtihani. Basi. Hapana atakayeuliza."

Benedeta aliweka nyundo chini. Uso wake ulikunjuka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Chukua!" alisema Amongin. "Jina iko bure. Okiror hapana taka mtihani, yeye nataka matope. Mimi nakupa na baraka juu."

Maloba alikohoa, akatema pembeni, akajifuta. "Mwalimu, Mungu akuzidishie. Mwanangu, andika Okiror. Mimi nitakuwa baba yako hata ukiitwa Jiwe."

Wote walimtazama Mangeni wakisubiri tabasamu. Yeye alikuwa akigeuzageuza nyundo mkononi.

"Mwalimu, cheti kikija, kitakuwa na jina la nani?"

"La Okiror."

"Na sekondari nitaitwa nani?"

"Okiror."

"Na kazini?"

"Vilevile. Utazoea."

"Na siku Okiror mwenyewe akichoka na matope, akarudi kutaka jina lake, nitampa nini?"

Mwalimu aligeuka kutazama baiskeli yake.

"Sitaki," alisema Mangeni.

"Husikii?" Maloba aliinuka nusu. "Unajua nimekula vumbi miaka mingapi ili wewe ukae kwenye dawati?"

"Najua, Baba. Kumi na minne. Ndiyo maana sitaki. Vumbi ale Maloba, cheti apate Okiror?"

Maloba alirudi kukaa. Kikohozi kilimshika, kikamtikisa kwa muda mrefu, na mtoto alipoona mgongo ule ukitikisika aliona vibaya kwa maneno yake, lakini hakuyarudisha. Badala yake hasira zake zikatafuta pengine pa kutua.

"Kwanza, kwa nini mliniita hivi? Majina yameisha? Mlijua tuko nchi ya watu, mkanipa jina la kuniambia kila siku kwamba mimi ni mgeni!"

Benedeta alimtazama kwa mshangao, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu.

"Miaka yote hii hukujua? Mwanangu, sisi Wasamia hatumwiti mtoto Mangeni kwa sababu *yeye* ni mgeni. Tunamwita hivyo kwa sababu siku aliyozaliwa, nyumbani palikuwa na mgeni. Jina ni la kumkumbuka aliyekuja."

"Alikuja nani?"

"Mimi!" alisema Amongin, akijipiga kifua. "Weye hapana jua? Mimi natafuta mbuzi. Ile mbuzi ya madoa, shetani kabisa. Nafuata nyayo mpaka kambi ya mawe, nasikia mwanamke nalia. Baba yako iko kazini. Nasema, mbuzi ngoja. Naingia. Mimi ndiyo nilikata kitovu yako, na mbuzi nayo ikala mboga ya mama yako yote."

"Yote," alisema Benedeta. "Hata kunde za mbegu."

Mangeni alisimama wima. Nyundo ilimdondoka.

"Basi mgeni ni Toto Amongin!"

"Nani mugeni? Mimi?" Amongin alikasirika. "Babu ya babu yangu—"

"Subiri, Toto, subiri! Mgeni wa siku ile ni wewe, mwenyeji wa Kwapa. Mwalimu, karani anataka shahidi kwamba nimezaliwa hapa. Shahidi yumo ndani ya jina langu. Nikilivua, nimemvua na shahidi."

Mwalimu Ikwap alimkodolea macho, kisha akapiga paja lake. "Huyu mtoto!" akasema.

"Na karatasi?" aliuliza Maloba kwa sauti ya mtu anayetaka kuamini lakini amekwisha kuumwa na nyoka.

"Cheti changu cha ubatizo kiko kwa mama yangu, Busia," alisema Benedeta polepole. "Nilizaliwa upande huu. Nilipoolewa nawe kila mtu aliniita Mkenya, hata mimi mwenyewe nikasahau kwamba si Mkenya."

*

Mwalimu alimwazima kijana baiskeli yake. Mangeni hakufikia pedeli akiwa kitini, kwa hiyo aliendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, mwili umepinda kama upinde, kutoka Tororo hadi Busia. Alitoka jogoo wa kwanza, akafika jua likiwa limepanda, mguu mmoja umechubuka mpaka damu.

Bibi yake, Anjeline, alikuwa akimenya muhogo mbele ya nyumba. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti iliyovuka mpaka bila kibali. Nyumba yake ilikuwa Uganda. Shamba lake, hatua mia mbili tu kutoka hapo, lilikuwa Kenya, na katikati palikuwa na gogo lililolazwa barabarani na askari aliyelilinda.

"Kukhu, mulembe," Mangeni alimsalimu bibi kwa Kisamia.

"Mulembe, mume wangu. Umechubuka. Nani amekuuma?"

Alimsimulia yote. Anjeline alisikiliza bila kuacha kumenya, lakini kisu chake kilikwenda kasi zaidi na zaidi.

"Mgeni!" akasema mwishoni. "Kila asubuhi nikivuka na jembe langu, yule askari ananiuliza, 'Mama, unakwenda nchi gani?' Namwambia nakwenda kwa mihogo yangu. Nyumba yangu Uganda, mihogo yangu Kenya. Basi aniambie mgeni ni nani, mimi au mihogo?"

"Alisemaje?"

"Aliniomba mihogo. Nikampa. Njaa haina mpaka." Akainuka, akiguna kwa magoti. "Lakini mimi sitaki uende kumlilia mtu. Ukitaka cheti ili ukapige magoti, rudi mikono mitupu."

"Siendi kupiga magoti, Kukhu. Naenda kumwambia amekosea."

"Hapo sawa."

Aliingia ndani, akatoka na kipande cha mwanzi kilichozibwa kwa nta. Humo alitoa karatasi iliyoviringwa. Mchwa walikuwa wameonja ukingo mmoja wakaondoka na nusu ya jina la padri, lakini maneno yenyewe yalibaki: *Benedeta, binti wa Anjeline, amezaliwa Busia, mwaka 1935*, na mahali pa kuzaliwa pametajwa wazi kuwa Uganda.

Mangeni alikisoma mara mbili. Bibi alimpa muhogo wa kuchemsha na maziwa mgando, akampaka mguu mafuta ya ng'ombe, kisha akamsindikiza hadi barabarani.

"Watu wa Kiswahili wana neno," alisema. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba yako ana siku ngapi pale?"

Mangeni alifikiri njia nzima ya kurudi.

*

Jumapili baada ya ibada, mwalimu Ikwap alileta karatasi, bahasha na chupa ya wino. Alitaka kuiandika barua mwenyewe. Mangeni alikataa. Aliandika kwa Kiingereza, kile Kiingereza kigumu cha darasa la saba kilichochongwa kwa panga, lakini hakikuwa na neno lililolegea. Alipomaliza, Maloba, ambaye hakujua kusoma, alitaka asomewe kwa Kiswahili ili na Amongin asikie. Maana yake ilikuwa hii:

"Mheshimiwa Mkaguzi, tafadhali soma barua hii mpaka mwisho.

"Jina langu ni Mangeni, mwana wa Maloba. Nimeandikwa mgeni kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, nikaulizwa swali nikajibu jina. Kosa la sikio si kosa la kuzaliwa. Nilizaliwa hapa Tororo. Kwa desturi yetu, Mangeni ni mtoto aliyezaliwa nyumbani pakiwa na mgeni. Mgeni wa siku hiyo alikuwa Amongin, mjane wa Kwapa, aliyekuwa akitafuta mbuzi. Ndiye aliyenikata kitovu, na alama ya kidole chake iko chini. Mama yangu alizaliwa Busia ya Uganda. Cheti chake kimo humu, nakihitaji kirudi.

"Nimeshauriwa nitumie jina la Okiror ili mambo yawe rahisi. Nimekataa..."

"Simama!" alisema Maloba. "Hapo unamfunga mwalimu wako pingu."

Mwalimu Ikwap alikuwa amebadilika rangi. Mangeni alimtazama, akaona aibu. Ukaidi ni jambo moja; kumchoma aliyekutakia mema ni jingine. Alichukua karatasi nyingine akaanza upya, na habari za Okiror hazikuingia tena. Kisha akasoma mwisho wake:

"Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba yangu alipewa nyundo siku ya kwanza. Barabara unayopita kwenda ofisini ina mawe aliyoyapasua yeye, na kokoto alizozivunja mama yangu, na nyingine nimezivunja mimi nikisoma. Kama bado sisi ni wageni, tuambiwe siku ya tatu itafika lini.

"Siku ya mtihani nitakuja. Jina langu lisipokuwepo, nitasimama mlangoni ambapo kila mtu ataniona."

Maggie alikuwa akinyonya kidole.

"Mbona hakuna 'naomba'?" aliuliza Maloba. "Barua kwa mkubwa huwa na 'naomba kwa unyenyekevu'. Nimeandikiwa nyingi, zote zilikuwa nayo."

"Zilijibiwa, Baba?"

Maloba alifikiri. "Hapana."

"Ipo 'tafadhali' moja. Nimeiweka mwanzoni."

Mzee alitazama mikono yake, iliyokuwa na makovu meupe kama mwandiko wa mtu mwingine. "Soma tena pale penye barabara," akasema. Mangeni akasoma. Maloba akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. "Iache. Iache hivyohivyo."

Amongin alichovya kidole gumba, akakandamiza kwa nguvu kama anayefukia mbegu. Halafu akakandamiza mara ya pili.

"Toto, moja inatosha!"

"Hii ni ya mbuzi," alisema Amongin. "Naye alikuwepo."

*

Jumatatu asubuhi, karani Oriokot alikuwa amefungua kitabu mahali palepale, kalamu imeshachovywa.

"Okiror," aliita, na kukonyeza. "Njoo uweke sahihi."

"Okiror yuko Tiira," alisema Mangeni. "Mimi namwandikia Mkaguzi."

Oriokot aliiona bahasha. Kicheko chake kilikauka. "Kijana, sikia mimi. Leo nafunga hii kitabu. Ukiweka sahihi, uko ndani. Ukipeleka barua, mimi nakata Okiror, kwa sababu Mkaguzi atakuja kuangalia. Kimoja. Viwili hapana."

Nje wanafunzi walikuwa wakijipanga kwa sala. Kulikuwa na sauti ya Okurut, na ya mwalimu Ikwap ikimwambia anyamaze. Mangeni aliitazama ile nafasi tupu mbele ya jina la Okiror. Ilikuwa nafasi ndogo, ya upana wa kidole, safi, na mtu angeweza kuingia humo na kukaa salama maisha yake yote.

"Mkate Okiror," alisema.

"Umesema?"

"Leo hakuna mvua, bwana karani. Umenisikia."

Oriokot alimkazia macho. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, alipiga mstari juu ya neno aliloliandika kwa mkono wake, na mstari wenyewe ulipinda. "Nenda," akasema bila kuinua uso. "Posta nafungua saa mbili. Barua ya leo nafika kwa Mkaguzi kesho."

Maggie alikuwa akimsubiri langoni. Alikuwa ameomba ruhusa kwa kusema anaumwa na tumbo. Walitembea pamoja hadi posta, wakapanga foleni nyuma ya wanawake wawili Wajaluo waliokuwa wakituma barua kwao Kisumu. Stempu ilikuwa imebandikwa na mwalimu, lakini gundi ya bahasha ilikuwa ya zamani na haikushika. Maggie aliilamba mara tatu bila faida. Juu ya kaunta palikuwa na kikopo cha gundi na brashi iliyokauka nusu. Mangeni aliichovya, akapaka ukingo wote taratibu, asiache pengo, akafunga na kulaza kiganja juu yake.

"Na asipojibu?" aliuliza Maggie.

"Nitaandika nyingine."

"Na hiyo asipoijibu?"

"Mkaguzi atachoka kupokea kabla mimi sijachoka kuandika."

Alingoja mpaka gundi ishike. Akaigeuza bahasha, akalisoma jina lake nyuma yake, herufi moja moja. Kisha akanyanyuka kwa vidole vya miguu, kwa kuwa tundu la sanduku lilikuwa limewekwa juu kwa ajili ya watu wazima, akaisukuma ndani kwa nguvu.